Kura ya Maharagwe

Godelive wa Nyawera alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia namba, hakuweza kunyamaza. Mwambie sokoni Kadutu leo kuna watu elfu tano, atakuuliza uliwahesabu ukiwa umesimama wapi. Alifundisha hesabu miaka tisa katika shule moja ya wasichana, mpaka serikali ikasahau kwamba walimu nao hula, na vita vikaja vikaikata nchi vipande. Ndipo akaingia ofisi ndogo ya Papa Théodore, iliyokuwa ikifanya anketi, yaani kwenda kuwauliza watu wanafikiri nini na kuyaandika majibu kwa asilimia. Mwaka ule wa 2001, katika mji wa Bukavu, ambako mtu aligeuka kutazama nyuma kabla ya kusema kwamba mvua inanyesha, hebu fikiria mwenyewe kazi hiyo.

Sasa sikia mambo ya hangari. Upande wa Bagira kulikuwa na hangari kuukuu ya kahawa, na ndani yake walilala watu wazima mia tatu ishirini na watano pamoja na watoto wao, wote wamekimbia vijiji vya juu ya Katana, kule mashamba yanakogusana na pori. Shirika moja la chakula liliwaletea magunia ya maharagwe kila mwezi. Utawala wa wakati ule, ule wa bunduki na mihuri, ulitaka hangari iwe tupu, maana wakimbizi mjini ni aibu kwa mtu anayejisifu kwamba ameleta amani. Papa Gaston, mkubwa wao wa mambo ya jamii, akawatangazia kwamba malori yanakuja mwezi wa kumi. Kisha akaenda na karatasi na askari wawili, akasimama mlangoni, akawauliza mmoja mmoja kama kwao kuna usalama wa kurudi. Asilimia tisini na saba wakasema ndiyo. Wale watatu katika mia waliobaki, nadhani, hawakulisikia swali.

Madame Valérie, mama wa Kizungu aliyeliongoza shirika lile la chakula, hakuwa mtu wa kudanganywa kitoto. Aliipokea karatasi ya Gaston kwa adabu, akaikunja, akaenda moja kwa moja kwa Papa Théodore. Alimwambia waziwazi kwamba ofisi yake ilirudie swali lilelile, kwa njia inayoaminika. Watu wakisema kwao ni salama, malori yatawachukua Jumatatu ya tarehe kumi na tano Oktoba, na chakula cha Bukavu kitasimama siku hiyohiyo. Wakisema hapana, watabaki, naye mwenyewe atabishana na utawala kwa niaba yao. Maisha ya watu wale wote yakawekwa juu ya namba moja, na aliyetumwa kuitafuta ni Godelive.

Basi furaha aliyokuwa nayo, usiulize. Miaka yote hiyo alikuwa amechoka kuandika majibu ambayo hata kalamu iliyaonea haya. Alijua tatizo liko wapi. Mtu wa vitani ukimuuliza kitu, hajibu swali, anamjibu yule aliyelileta, na wale walio nyuma yake, na jirani anayesikiliza ukutani. Kwa hiyo ondoa masikio yote. Mtu aingie peke yake mahali pa siri, ajibu bila kusema neno, bila kuandika, kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, na akitoka, hata Godelive mwenyewe asijue amejibu nini.

Akavumbua bidoni. Dumu la njano la mafuta, limefungwa kwa waya na nta, na juu tundu moja dogo la kupitisha punje. Kila mtu apewe maharagwe mawili. Moja ni lile dogo jeupe la magunia ya msaada, na maana yake ni kwetu salama, nirudi. La pili ni lile kubwa jekundu lenye madoadoa, maana yake hapana, sirudi sasa. Alilichagua kubwa kwa makusudi, ili hata bibi mwenye ukungu machoni alitambue kwa kidole. Yale makubwa yalitoka Mudaka, kwenye ghala la mama yake mzazi. Mama alimpimia bakuli moja huku amenuna, akamuuliza tangu lini watu wa ofisi wakachezea mbegu. Godelive akacheka, akambusu, akapanda teksi.

Na sharti alilojivunia kuliko yote lilikuwa hili: haragwe moja liingie bidoni, la pili mtu aondoke nalo. Asilitupe pale nyuma ya shitingi, lile turubai la plastiki la kulificha bidoni, maana yakitupwa pale mtu anaweza kuyaokota na kujua kitu. Aende nalo, alipeleke anakotaka, halimhusu tena mtu yeyote. Papa Théodore aliposikia sharti hilo alivua miwani, akasema kwamba hata Ulaya hawajalifikiria. Ulaya sijui, mimi sijafika, lakini Godelive alitembea juma zima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Jumamosi ya mwisho wa Septemba wakasimamisha shitingi kwenye kona ya hangari na kuliweka bidoni nyuma yake. Godelive alieleza mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya kwao. Gaston alikuja na askari wake wawili, naye akamkaribisha kiti, akamwambia atazame anavyotaka kwa sababu hakuna cha kuona. Watu wakapanga mstari. Wa kwanza alikuwa Maman Euphrasie, mkubwa wa wanawake wa pale, mama mrefu mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alipokea maharagwe yake mawili, akayatazama kwenye kiganja kwa muda, akamtazama Godelive, akaingia. Alitoka ngumi imefungwa na uso umechangamka. Nyuma yake wanawake wote wakawa wanatoka vilevile, ngumi zimefungwa, wanatabasamu, wengine wanabana kicheko. Godelive aliziona tabasamu zile. Aliamini kwamba ndivyo uso wa mtu unavyokuwa akisema kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

Jioni hiyohiyo, jua bado liko juu ya ziwa, walilipasua bidoni mezani ofisini. Papa Théodore alihesabu meupe, Godelive akahesabu mekundu, na mekundu yaliisha kabla hajakaa vizuri. Kumi na matatu. Meupe yakaendelea, mia, mia mbili, mia tatu, yakakomea mia tatu na kumi na mawili. Asilimia tisini na sita kamili wanasema kwao ni salama.

Wakatazamana. Kisha Godelive akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini. Kumbe amani ilikuwa imekuja kweli na wao hawajui! Hakumpenda Gaston, lakini hesabu haina chuki. Anketi ya kwanza ya mdomo ilisema tisini na saba, hii ya siri inasema tisini na sita. Njia mbili tofauti zikikufikisha kwenye nyumba moja, alimwambia Théodore, basi ujue nyumba ipo. Théodore alicheza rumba pale pale akiwa na kiti mikononi. Madame Valérie alikuwa amekwisha kumdokeza kwamba njia hiyo ikifaulu, ofisi yao itafanya anketi za Kivu nzima, na Godelive ndiye atakayewafundisha wengine. Ripoti ikaandikwa, ikapigwa chapa, ikafungwa kwa utepe. Ingesomwa Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, mbele ya wote.

Yeye sasa furaha ilimzidi. Alhamisi mchana, kesho yake ndiyo siku ya kusoma, akashindwa kuvumilia. Hairuhusiwi kumwambia mtu matokeo kabla ya mkutano, alijua, lakini alitaka walau akae na Maman Euphrasie, amtazame mtu anayekaribia kurudi kwao. Akapanda mpaka Bagira, mvua imetoka kukatika, matope yanavuta viatu. Hangari ilikuwa tupu. Sauti za wanawake zilitoka nyuma, kwenye mteremko ambao zamani zilitupwa takataka za kahawa.

Akazunguka ukuta, akasimama.

Mteremko wote ulikuwa umelimwa. Takataka zimeondolewa, matuta yamenyooshwa kukatiza kilima ili mvua isiuchukue udongo, na juu ya matuta, mstari kwa mstari, miche ya maharagwe yenye majani mapana ya kijani kibichi. Wanawake walikuwa wanachomeka fito kando ya kila mche, kwa sababu yale yalikuwa maharagwe ya miti, yale yanayopanda juu. Hakuhitaji kuuliza ni mbegu gani. Aliyajua majani yale tangu hajaanza shule, yalikuwa ya mama yake.

Maman Euphrasie alimwona, akaja na furaha zote, akamkumbatia kwa mikono ya udongo. Alimshukuru kwa kirefu. Alimweleza kwamba siku ile ya bidoni wanawake walielewa haraka: huyu maman amepata njia ya kuwapitishia mbegu mbele ya macho ya Gaston, moja kwa kila mkono, bila askari kunusa. Kule nyumbani mbegu zao ziliporwa zote, na mbegu ya namna ile hawakuwa wameiona tangu wakimbie. Jioni kila mmoja alileta yake, wakaziweka pamoja kwenye sinia, wakazipanda kesho yake baada ya misa.

"Na lile swali, maman?" Godelive akauliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

"Maulizo ni ya bakubwa," Euphrasie alisema. "Jibu yake banakuyaka nayo tayari mu mufuko. Ile ndogo ilikuwa ya gunia, haiotake, tena kuiva ni shida. Ya kwako ilikuwa mbegu. Nani anaweza kutupa mbegu mu bidoni?"

Kisha akacheka, akasema wapo waliotupa. Kumi na watatu. Wanaume tu, wachimba dhahabu waliokuwa wamerudi kutoka Kamituga mwaka ule wa kukimbia, watu ambao jembe wanalijua kwa jina tu. Walipokuja kwenye sinia mikono mitupu, wakasema wao waliliweka lile jekundu kwa sababu hawataki kurudi, wanawake waliwagombeza siku mbili.

Kumi na watatu. Godelive hakuwa amemwambia mtu namba hiyo. Ilikuwa ndani ya ripoti, na ripoti ndani ya kabati, na kabati limefungwa. Akili yake ikaruka kama samaki. Akaanza kuhesabu matuta, akipita kati ya fito, anasema namba kwa sauti, wanawake wanamtazama wakidhani amepatwa na kitu. Miche mia tatu na tisa. Mitatu, Euphrasie akamwambia, ililiwa na kuku wa jirani. Hesabu ikatimia. Hapakuwa na kura pale. Palikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili waliochagua mbegu nzuri, na yeye akawaandika kwamba wamechagua amani.

Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amelala kwenye kitanda hiki utoto wake wote, mama yake amemwambia kwa kinywa chake, bado hakuona. Alimuuliza Euphrasie jambo moja la mwisho, safari hii bila bidoni. Malori ya Jumatatu je?

Euphrasie aliuchomeka ufito aliokuwa nao, akaubana udongo kwa kisigino. "Kwetu tulipanda mara tatu. Kuvuna, ni bengine balivuna. Malori ikuye. Itatukuta mu maharagi."

Godelive alishuka Bagira akikimbia, mwanamke wa miaka thelathini na sita, viatu mkononi. Papa Théodore alimsikiliza amesimama, halafu akakaa. Akajaribu kumtuliza: ripoti imekwisha, Kivu nzima inawangoja, na isitoshe anketi ya kwanza nayo ilisema vilevile. Godelive akamjibu kwamba waongo wawili wakikubaliana hawageuki shahidi. Mmoja alidanganywa na bunduki, mwingine na haragwe, wakakutana njiani, basi.

"Kesho utasema nini mbele ya bale bantu?" Théodore aliuliza. "Kwamba haujui?"

"Nitasema sijui."

Théodore aliifuta miwani yake kwa shati. Hakumkataza. Lakini hakumwambia pia kwamba amefanya vizuri.

Ijumaa saa nne wakakutana katika ukumbi mdogo wa parokia: Madame Valérie na daftari lake, Papa Gaston na suti yake, Théodore na ripoti yenye utepe. Godelive alisimama. Aliomba neno kabla ripoti haijafunguliwa, akaeleza yote bila kujificha. Bidoni, sharti alilojivunia, maharagwe ya mama yake, matuta, miche mia tatu na tisa, kuku wa jirani, wachimba dhahabu kumi na watatu. Alisema kura ile ni yake na kosa ni lake. Alisema pia kwamba kati ya watu mia tatu ishirini na watano, waliolijibu swali ni kumi na watatu tu, na wote wamesema hapana.

Gaston hakumngoja akae. Kwa upole wa mtu anayejua kwamba mlango ni wake, alisema kura ni kura. Watu waliambiwa maana ya kila punje kwa lugha mbili, mara tatu, yeye mwenyewe alikuwepo. Kama walipenda mbegu, shauri yao. Karatasi mbili zinasema ndiyo, na huyu mwalimu anasema tu kwamba hajui. Tangu lini malori yakasimama kwa sababu mtu hajui?

Madame Valérie alimgeukia Godelive, na usoni mwake ilionekana kwamba alitaka kumsaidia lakini hana pa kushikia. Hapo ndipo wazo lilipomjia Godelive. Gaston alikuwa mtoto wa Kabare, kule kwa wakulima, suti au si suti, na baba yake alijulikana mpaka Mudaka kwa mashamba yake.

"Papa Gaston," alisema kwa heshima, "kwenu, maharagi ya miti mukiipanda mwisho wa mwezi wa tisa, munakula lini?"

Mkulima haulizwi shamba akanyamaza. "Katikati ya mwezi wa kwanza," Gaston alisema, na sauti ikawa ya mtu mwingine, ya kijijini. "Mbele ya hapo ni majani tu. Tena lazima uikatie fito ndefu, ukiiacha chini inaoza. Ni kazi ile, haiko ya muntu wa kupita."

Gaston mwenyewe alisikia alichosema, maana mkono uliokuwa ukichezea kalamu ulisimama. Wanawake wale walikuwa wametangaziwa malori ya Oktoba, wakashika jembe mwishoni mwa Septemba, wakapanda kitu cha kuliwa Januari. Hakuna askari aliyesimama juu yao kuwaamuru, na hakuna aliyewauliza chochote.

Madame Valérie alichora mstari kwenye daftari lake, akasema malori hayatakuja Jumatatu, na chakula kitaendelea mpaka mavuno ya Januari. Baada ya hapo watatazama tena. Kuhusu anketi za Kivu nzima hakusema kitu, na Théodore hakuuliza. Gaston alichukua kofia yake akatoka bila kuaga, lakini hakubishana. Godelive alitaka kucheka na kulia pamoja, na nadhani alifanya vyote viwili, kule nje, nyuma ya ukumbi, akishikilia ukuta.

Kesho yake, Jumamosi, akapanda tena Bagira mbio mbio, bahasha mkononi. Ndani yake yalikuwemo maharagwe kumi na matatu makubwa mekundu, yale ya wachimba dhahabu, yaliyobaki kwenye meza ya ofisi. Alimkuta Maman Euphrasie anafunga fito. Akampa habari ya malori, na shangwe iliyopigwa kwenye mteremko ule ilisikika mpaka barabarani. Shangwe ilipopoa akammiminia punje zile kiganjani, akamwambia ziko nafasi tatu pale kuku walipokula, na zinazobaki wataona pa kuziweka.

Euphrasie alizihesabu kwa kidole gumba. Kisha akavuta pembe ya kikwembe chake cha kiunoni, akaziweka, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Hizi hatupande hapa," alisema. "Hizi ni za kupanda kule kwetu, siku tutarudia."

Godelive alilitazama lile fundo. Baadaye alitoa daftari lake na, chini ya tarehe ya siku ile, akaandika jibu la kwanza la kweli alilowahi kupewa na wanawake wa hangari ile.